Msaada wa Kisheria Si Sadaka

Ipo fikra iliyoota mizizi Tanzania, na wanaoishika ni pamoja na watu waliopaswa kuwa wa kwanza kuitilia shaka: wabunge, mahakimu, hata mawakili wenyewe. Inasema kwamba kumpatia wakili mtu asiye na uwezo ni jambo jema, lakini ni jema kama sadaka ilivyo njema. Akipatikana mfadhili, sawa. Wakili akiwa na nafasi na moyo, ajitolee. Serikali ikibakiwa na chochote, ichangie. Kisipobaki kitu, mwananchi asimame mwenyewe mbele ya hakimu, aeleze lililompata, na haki yake ataipata.

Wenye fikra hiyo si watu wabaya, na hoja zao zinastahili kuelezwa kama wanavyozieleza wenyewe. Wanasema mahakama zetu ziliwekwa ili mtu wa kawaida azitumie bila mwanasheria: mahakama ya mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili, na kwa miongo mingi mawakili hawakuruhusiwa kukanyaga humo. Wanahofu kwamba wakili wa bure atawafanya watu wakimbilie mahakamani kwa ugomvi ambao wazee wangeumaliza. Wanakumbusha kwamba kazi hiyo tayari ina wenyewe: zipo asasi, wapo wasaidizi wa kisheria vijijini, ipo kampeni ya kitaifa. Mwisho wanauliza: nchi yenye shule zisizo na madawati itawezaje kulipia mawakili wa watu?

Hakuna hata moja kati ya hoja hizo isiyo na chembe ya ukweli. Lakini zikichukuliwa moja moja na kupelekwa mahali sheria inapofanya kazi, yaani kizimbani, mahabusu, kwenye mabaraza na kwenye dawati la karani wa mahakama, hazisimami.

1. Kwamba mwenye haki hahitaji wakili

Chukua shtaka la unyang'anyi wa kutumia silaha. Adhabu yake haipungui kifungo cha miaka 30. Halina dhamana. Halisikilizwi na Mahakama Kuu. Linasikilizwa katika mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, ambako mshtakiwa asiye na fedha huingia peke yake baada ya kukaa mahabusu kwa miezi, pengine miaka.

Shahidi wa kwanza anasema alivamiwa usiku na akamtambua mshtakiwa. Tangu hukumu ya kesi ya Waziri Amani mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imeweka wazi kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu na unahitaji kupimwa kwa uangalifu mkubwa. Shahidi alimwona kwa muda gani? Kutoka umbali gani? Mwanga ulikuwa wa nini, na wa nguvu kiasi gani? Alikuwa akimfahamu kabla ya tukio? Kila mwanafunzi wa sheria anayajua maswali hayo kabla hajamaliza chuo. Mshtakiwa aliyeacha shule darasa la saba hayajui. Akiambiwa amhoji shahidi, hujibu kwamba hana swali, au huanza kubishana naye, na hakimu huandika.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mahakama ya Rufani hiyohiyo imesema mara nyingi kwamba asiyemhoji shahidi juu ya jambo muhimu huchukuliwa kuwa amelikubali. Kwa wakili kanuni hiyo ina mantiki, kwa kuwa wakili hunyamaza kwa kujua. Kwa mtu asiyejua kwamba ukimya wake unahesabiwa, kanuni hiyo inaugeuza ujinga wake kuwa ushahidi dhidi yake.

Kisha huja nyaraka. Maelezo ya onyo yanayodaiwa kuchukuliwa polisi yanatolewa kama kielelezo, naye anaulizwa kama ana pingamizi. Hajui kwamba sheria ilitaka, kwa kawaida, ahojiwe ndani ya saa nne tangu kukamatwa. Hajui kwamba kama alipigwa, huu ndio wakati wa kusema, ili mahakama isimamishe kesi na kulichunguza jambo hilo kwanza. Anasema hana pingamizi, na karatasi inapokelewa. Akija kulalamika katika utetezi wake kwamba aliteswa, atajibiwa kwamba amechelewa.

Watetezi wa fikra hii husema hakimu mwadilifu atayaona yote hayo. Hakimu anaweza kuuliza swali la kupata ufafanuzi, lakini hawezi kumtetea mtu anayemhukumu. Akifanya hivyo, upande wa mashtaka utakuwa na haki ya kukata rufaa, na utashinda. Uadilifu wa hakimu haujawahi kuwa mbadala wa utetezi. Kama ungekuwa hivyo, kusingekuwa na haja ya waendesha mashtaka pia.

Matokeo yake yameandikwa na yako wazi kwa yeyote atakayefungua TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama. Mahakama ya Rufani huwaachia huru, mmoja baada ya mwingine, watu waliokaa gerezani miaka mingi, kwa sababu ya kasoro zilizokuwepo siku ya kwanza ya kesi: utambuzi usioaminika, kielelezo kilichopokelewa bila kusomwa kwa sauti, hati ya mashtaka yenye dosari. Hukumu hizo husifiwa kama ushahidi kwamba mfumo hujirekebisha. Lakini ni nani anayemrudishia mtu miaka yake kumi? Na waliokosa kutoa notisi ya rufaa ndani ya siku 10, wakashindwa pia kuomba waongezewe muda, kasoro za kesi zao hakuna atakayezisoma.

Haya si madai ya wanaharakati tu. Mwaka 1990, Mahakama Kuu ikiwa Dodoma, Jaji James Mwalusanya aliamua katika kesi ya Khasim Manywele kwamba haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, iliyo katika Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, inabeba ndani yake haki ya mtu asiye na uwezo kupatiwa wakili. Miaka 25 baadaye, tarehe 20 Novemba 2015, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilisema jambo hilohilo katika kesi ya Alex Thomas dhidi ya Tanzania. Mlalamikaji alikuwa amehukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha na Mahakama ya Wilaya ya Rombo, bila wakili. Mahakama ya Afrika ilisema kwamba kwa uzito wa shtaka na wa adhabu, alistahili kupewa wakili hata kama hakuomba. Mwaka uliofuata ikarudia msimamo huo katika kesi ya Mohamed Abubakari. Novemba 2019 Tanzania ikaondoa tamko lililowaruhusu wananchi na asasi kuipelekea mahakama hiyo malalamiko moja kwa moja. Makosa yaliyotajwa na hukumu hizo yaliendelea kuwakuta watu; mlango wa kuyalalamikia ndio uliofungwa.

Na mahakama ya mwanzo, ile inayotajwa kila mara kama kimbilio la asiye na wakili? Ulinzi wake ulikuwa katika usawa: tajiri na maskini wote waliingia bila wakili. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamewaruhusu mawakili kuingia katika mahakama za mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi. Sasa mwenye fedha huingia na wakili wake, na asiye nazo huingia na wajukuu wa kumshika mkono. Anayeendelea kudai kwamba humo wakili hahitajiki anaieleza mahakama ambayo inatoweka.

2. Kwamba cha bure huzaa kesi

Hoja hii inachukulia kwamba watu huenda mahakamani kwa kupenda. Wengi hupelekwa na sheria yenyewe. Mjane hawezi kuchukua akiba ya marehemu benki bila barua ya usimamizi wa mirathi. Mwanamke hawezi kuomba talaka mahakamani, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria, kabla hajapita baraza la usuluhishi la ndoa na kupata hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Akikosa hati hiyo, au ikiwa imeandikwa vibaya, shauri lake linaondolewa. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kufungua mgogoro katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA.

Siku 30 hizo zinafaa kutazamwa kwa karibu. Mtu aliyeachishwa kazi huanza kwa kumbembeleza msimamizi. Akishindwa hutafuta ndugu anayemfahamu bosi. Halafu huandika barua kwa meneja na kusubiri jibu ambalo haliji. Hayo ndiyo mambo ya busara ambayo wapinzani wa mahakama wangemshauri ayafanye, na akiyafanya kwa uvumilivu, mwezi unaisha na madai yake yanakufa, labda aombe kuongezewa muda na aeleze sababu zitakazoiridhisha Tume. Hakuhitaji wakili wa kugombana. Alihitaji mtu wa kumwambia, katika wiki ya kwanza, kwamba siku zinahesabiwa.

Sehemu kubwa ya msaada wa kisheria ni hiyo: kuelekezwa uende wapi, lini, na karatasi gani mkononi. Anayeelekezwa mapema hafungui shauri katika mahakama isiyo na mamlaka, hafukuzwi kwa kasoro, harudi kulifungua upya. Asiyeelekezwa humwangukia kishoka, yule wa kwenye kibanda jirani na mahakama, anayeandika hati za kiapo bila leseni na kutoweka mambo yakiharibika. Kesi zinazozaliwa hapo ni nyingi na ni mbovu, na zinajaza majalada ya makarani hao hao tunaoambiwa tusiwaongezee kazi.

Na kuhusu wazee wa kumaliza ugomvi: katika mashauri ya mirathi na mali ya ndoa, wazee hao mara nyingi ndio upande wa pili. Kikao cha ukoo kinachoamua nani asimamie mirathi hukaliwa na mashemeji wanaoitaka nyumba. Tangu mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani imekubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Kanuni hiyo imekuwepo zaidi ya miaka 40. Haimfai chochote mwanamke wa Makete au Liwale ambaye hakuna aliyemwambia, na hakuna wa kuisema kwa niaba yake pale mume anapokuja na hati zenye jina lake peke yake.

3. Kwamba kazi hii tayari inafanywa

Ni kweli inafanywa, na kwa muda mrefu. Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kamati yake ya msaada wa kisheria miaka ya sitini. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilianza 1995. Zanzibar, Kituo cha Huduma za Sheria kilianza 1992. Mwaka 2011 ulianzishwa mfuko wa huduma za kisheria, LSF, kwa fedha za Denmaki, ukawezesha wasaidizi wa kisheria kufanya kazi nchi nzima.

Tazama nani analipa. Elimu ya sheria kijijini, nauli ya msaidizi wa kisheria, wakili anayesafiri kwenda mahakama ya wilaya: kwa miaka mingi sehemu kubwa ya gharama hizo imebebwa na wafadhili wa nje. Serikali inayotamka kila siku kwamba nchi lazima ijitegemee imeacha haki za raia wake ndani ya mahakama zake zitegemee mipango ya bajeti za Ulaya. Mradi ukiisha, ofisi inafungwa, na kesi zilizokuwa katikati zinabaki bila mwenyewe.

Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya mwaka 2017 ilitarajiwa kubadilisha hali hiyo. Iliifuta sheria ya mwaka 1969 iliyohusu mashauri ya jinai tu, ikaleta bodi na msajili, ikawatambua rasmi wasaidizi wa kisheria. Zanzibar ilitunga ya kwake mwaka 2018. Lakini ukisoma sheria ya Bara utaona nguvu yake kubwa imekwenda katika kusajili, kusimamia na kudai taarifa. Wanaosimamiwa ndio wanaotafuta fedha. Msaidizi wa kisheria haruhusiwi kumtoza mteja, na haruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Makatazo yote mawili yana sababu za msingi, lakini mtu huyo anayefanya kazi bila ujira na kuishia mlangoni mwa mahakama ndiye anayetajwa kama jibu la tatizo la watu wasio na mawakili ndani ya mahakama. Katika jinai, sheria imemwachia jaji au hakimu aone kama haki inahitaji mshtakiwa apewe wakili. Akiona hivyo katika wilaya isiyo na wakili hata mmoja wa kujitolea, amri yake itatekelezwa na nani?

Kisha kuna Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2023. Wanasheria wamepelekwa mikoani, wakakaa chini ya mahema, wakasikiliza migogoro ya ardhi, mirathi na ndoa. Mistari mirefu ya watu mbele ya mahema hayo inachukuliwa kama ushahidi wa mafanikio. Isomwe vizuri: ni ushahidi wa ukubwa wa deni. Watu waliobeba jalada la ardhi kwa miaka wakisubiri msafara upite wilayani kwao ni watu ambao hawakuwa na ofisi ya kwenda Jumatatu ya kawaida. Hema hukaa siku chache. Shauri la ardhi likianzia baraza la wilaya na kufika Mahakama ya Rufani, huchukua miaka, na rufaa yake kwenda Mahakama Kuu ina siku 45 ambazo hazisubiri msafara urudi.

4. Kwamba nchi haina fedha

Hii ndiyo hoja inayowanyamazisha wengi, na ndiyo yenye ukinzani mkubwa zaidi.

Mwaka 2018, mwaka mmoja tu baada ya Sheria ya Msaada wa Kisheria, Serikali iliunda Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali ya kusimamia mashauri yake ya madai, na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikawa ofisi inayojitegemea. Zote mbili zina mawakili wa kuajiriwa, na zimefungua ofisi mikoani. Uamuzi huo ulikuwa sahihi: Serikali ilitambua kwamba bila mawakili wake wa kudumu ingeendelea kupoteza kesi ambazo haikustahili kupoteza. Utambuzi huo ndio unaokataliwa kwa mwananchi. Serikali yenye hazina, polisi na kumbukumbu za kila aina inasema haiwezi kusimama mahakamani bila wakili, halafu inamwambia mkulima kwamba yeye anaweza.

Mkulima huyo akiwa na mgogoro na halmashauri ya wilaya iliyochukua shamba lake, sheria inamtaka kwanza atoe notisi ya siku 90. Kisha, kwa mabadiliko yaliyofanywa mwaka 2020, lazima amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali katika shauri, na afungue Mahakama Kuu. Akikosea lolote kati ya hayo, mawakili wa Serikali watainuka na pingamizi la awali, na shauri litaondolewa kabla hajasema neno kuhusu shamba. Masharti hayo yametungwa na dola. Gharama ya kuyatimiza ameachiwa yeye.

Uwezo wake ni upi? Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na ukakuta asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wako chini yake. Hao hawachagui kati ya wakili ghali na wakili nafuu.

Gharama ya kutokuwa na wakili nayo hulipwa, ila haiandikwi kwenye fungu lenye jina hilo. Huandikwa kwenye chakula cha mahabusu ambaye hakuna aliyemwombea dhamana, kwenye miaka ya mfungwa ambaye rufaa yake itashinda, kwenye shajala za majaji wanaosikiliza rufaa ambazo zisingekuwepo. Tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi taarifa yake Julai 2023, ilieleza jinsi watu wanavyokamatwa kabla upelelezi haujakamilika na kusota mahabusu. Wakili mmoja anayetembelea kituo cha polisi na gereza la wilaya kila wiki angepunguza gharama hiyo kuanzia mwezi wake wa kwanza.

Nchi nyingine hazikusubiri utajiri. Malawi, yenye kipato kidogo kuliko Tanzania, ina ofisi ya umma ya msaada wa kisheria inayoajiri mawakili, ingawa nayo hulia uhaba wa fedha. Kenya iliandika katika Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 kwamba mshtakiwa apewe wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo bila wakili angedhulumika pakubwa, na mwaka 2016 ikatunga sheria ya kuanzisha chombo cha taifa na mfuko wake. Utekelezaji unasuasua. Lakini Mkenya anayenyimwa wakili ana kifungu cha Katiba cha kukishika mkononi.

5. Kwamba mawakili wajitolee

Hili halihitaji maneno mengi. Tanzania ina mawakili zaidi ya 10,000 kwenye orodha, na wengi wako Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Dodoma. Wapo wanaojitolea kwa dhati. Lakini kesi ya miaka 30 katika wilaya ya Nanyumbu ina tarehe nyingi, mashahidi wengi na safari nyingi; hakuna taaluma yoyote nchini inayoombwa kuendesha huduma muhimu ya umma kwa kujitolea. Hata katika kesi za mauaji, ambako mahakama humpangia mshtakiwa wakili, ujira ni mdogo kiasi kwamba wakili na mteja wake mara nyingi huonana kwa mara ya kwanza siku ya kusikilizwa.

Yanayohitajika si mengi, na hayana ugeni. Liwepo fungu la msaada wa kisheria katika bajeti, linalosomwa kwa jina lake na kukaguliwa kila mwaka. Waajiriwe mawakili wa utetezi katika kila wilaya yenye mahakama ya wilaya, kama walivyoajiriwa waendesha mashtaka. Isomwe shtaka la kosa lolote lenye adhabu ya miaka 30 au zaidi pale tu mshtakiwa anapokuwa na wakili pembeni yake, au anapokuwa amemkataa kwa hiari. Msaidizi wa kisheria wa kijiji alipwe posho ya kueleweka na awe na wakili wa wilaya wa kumkabidhi jalada.

Wizara ya Katiba na Sheria husoma makadirio yake ya matumizi bungeni katika mkutano wa bajeti, unaofanyika kila mwaka kati ya Aprili na Juni. Msomaji mwenye mbunge amuulize, kabla mkutano huo haujaanza, ni kiasi gani kitatengwa mwaka huu kwa ajili ya wakili wa mtu asiye na uwezo katika wilaya yake, na jibu aombe alipewe kwa maandishi.